Siku Nilipomfukuza Mtani

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho nikisubiri kuitwa. Ajuza mmoja akaja kuketi kando yangu. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa kikopo kidogo, akachota ugoro kwa ncha ya kidole, akavuta. Harufu ile ya tumbaku iliyosagwa pamoja na magadi ikanipanda mpaka machoni. Binti aliyekuwa upande wa pili alinyanyuka na simu yake akahamia benchi la nyuma. Yule ajuza akaniuliza kwa upole, "Nakukera, mwenzangu?" Nikamwambia avute tu, na nikasogea karibu yake zaidi. Mpaka nesi aliponiita, sikuwa tena kliniki. Nilikuwa mtaani kwetu Rahaleo, nina miaka tisa, nimesimama uani kwa Mama Kosmas, nikitafuta tusi.

Nitaeleza. Lakini kwanza niseme kwa nini naandika.

Kila Alhamisi baada ya alasiri nakaa na akina mama kwa ajili ya darasa. Tunasoma kidogo, tunaulizana mengi. Mwezi uliopita mmoja wao alisema, "Hivi bibi, watu wamekuwaje? Kila mtu nafsi yake tu. Huruma imekwenda wapi?" Wenzake wakaitikia, kila mmoja na kisa chake cha jirani aliyefunga geti. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nina mvi na nimesoma. Nikawaambia nitawajibu Alhamisi ijayo. Alhamisi mbili zimepita na sijawajibu. Jibu ninalo, ila linaanza na mimi mwenyewe, na kuna mambo ni mepesi kidogo kuyaandika kuliko kuyasema ukitazamwa usoni.

Sisi ni Wayao. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na barazani baba yangu alikuwa na cherehani chake, kwa maana alikuwa fundi nguo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Mama Kosmas, Mngoni kutoka upande wa Songea, Mkristo. Mumewe alikuwa kuli bandarini, akibeba magunia ya korosho. Wangoni na Wayao ni watani. Mababu zao walipigana vita vya kweli, wakachoka, wakapatana, na kilichobaki katika vita vile ni maneno. Mtani wako anaweza kukwambia lolote na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuingia jikoni kwako, akafunua chungu, akachagua kipande kikubwa akaondoka nacho. Wewe kazi yako ni kumtukana wakati anaondoka.

Mama Kosmas hakupita barazani kwetu bila kusimama. "Fundi," alikuwa akisema, "hicho cherehani kinashona au unakiweka kwa ajili ya kupigia picha?"

"Nashona sanda yako, Mngoni," baba alikuwa akijibu bila kuinua kichwa. "Kitambaa hakitoshi."

"Shona pana. Nitalala na mkuki wangu."

Baba, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno machache, alikuwa akitabasamu mpaka adhuhuri. Mimi nilikuwa sipendi. Nilikuwa nimekaa chuoni miaka mitatu, nimehifadhi sura nyingi, na nilikuwa na ule ukali wa mtoto aliyejifunza jambo jema jana. Mwanamke anayevuta ugoro na kucheka kwa sauti barabarani niliona ni aibu kwa mtaa.

Mwaka ule mama yangu alijifungua pacha wa kiume, Kurwa na Doto. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, lakini siku pacha walipozaliwa watu waliacha kumwita kwa jina langu. Akawa Mama Kurwa. Hata baba alimwita hivyo. Nilinuna siku mbili, kisha nikawapenda wale watoto kuliko nilivyowahi kupenda kitu, hasa Kurwa, aliyekuwa akinishika kidole na kukataa kuachia.

Walipotimiza miezi minne, Kurwa alipata homa. Alipelekwa kwa daktari, akapewa dawa, homa ikashuka, ikapanda tena. Ijumaa alfajiri akafariki. Alizikwa kabla ya swala ya Ijumaa, na mpaka leo nikiona mkeka mdogo umekunjwa nageuza uso.

Mama hakulia. Alilala kwenye mkeka, akageukia ukuta, na hakusema neno tena. Nyumba ilijaa wanawake, na walikuwa wema, wasomaji wangu, sitaki mfikiri vingine. Walichota maji, walipika, walifagia ua. Waliongea kwa minong'ono. Mmoja akimkaribia mama, mwingine alimvuta: "Mwacheni. Mwacheni apumzike." Nilikuja kukumbuka baadaye kwamba kwa siku zote zile hakuna aliyemwita kwa jina. Wangemwitaje? Jina lake lilikuwa limezikwa. Wakasema "dada," wakasema "shemeji," wakasema "mwenzetu," kila mmoja akilizunguka lile jina kama shimo njiani.

Bibi, mama yake mama, alikuwa akikaa nasi. Alipika uji wa mtama, akaupoza, akamwekea mama kijiko midomoni. Uji ulitoka pembeni ya mdomo ukadondoka kwenye mkeka. Ijumaa hivyo, Jumamosi hivyo. Doto alipowekwa kifuani alinyonya, akakosa, akalia, akawekwa upande mwingine, akakosa. Walitafuta maziwa ya mbuzi, akayatapika. Kufika Jumapili asubuhi kilio chake kilikuwa kimekonda, kama mlio wa paka aliyefungiwa chumba cha mbali. Bibi alimgusa utosi uliokuwa umebonyea kwa kidole, akautazama muda mrefu, akamfunika. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba tunaelekea kumpoteza na wa pili.

Mama Kosmas hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nanyamba kwa ndugu za mumewe kuokota korosho, na habari ilimfikia Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi alipanda lori la magunia akarudi. Hakupita kwake. Alifika kwetu na vumbi lake la safari, akaingia bila hodi.

Namwona mpaka sasa. Alikuwa amelitoa koti la baba kwenye msumari wa barazani akalivaa nje ndani. Mashavu aliyapaka majivu. Begani ameweka upawa wa bibi, kama askari na bunduki. Akasimama katikati ya wale wanawake waliokuwa wakinong'ona, akaita kwa sauti ya sokoni:

"Mama Kurwa."

Nikaona mgongo wa mama ukishtuka, kidogo tu.

"Mama Kurwa, nasikia umempa mtoto ruhusa ya kusafiri bila kuniaga mimi. Wayao ndivyo mlivyo, mambo yenu kimyakimya kama wezi wa kuku." Akachuchumaa karibu na mkeka. "Au alikimbia sura ya baba yake? Simlaumu. Mimi mwenyewe nikiiona asubuhi napitia njia ya nyuma."

Wanawake wawili walicheka ndani ya kanga zao. Mimi damu ilinipanda. Kurwa wangu hajamaliza siku tatu ardhini, na mtu anacheka. Nilisimama, nikanyoosha kidole kama nilivyomwona mwalimu wetu wa chuo akifanya, nikasema: "Toka nyumbani kwetu. Hatukutaki. Kafiri mkubwa wewe."

Mama Kosmas alifungua mdomo. Niliona jibu linamjia, maana alikuwa hakosi jibu, kisha nikaona linarudi. Alinitazama, akaelewa kuwa mimi sitanii. Alivua koti, akaligeuza upande wake, akalirudisha kwenye msumari na kulinyoosha bega. Akajifuta majivu kwa pindo la kanga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mpita njia, "Poleni sana, wafiwa," akatoka.

Nilitarajia kusifiwa. Bibi alinishika sikio, akanitoa uani, akanisimamisha karibu na mtungi.

"Unajua umefanya nini?"

"Alikuwa anamcheka Kurwa."

"Mtani ukimtukana, anakaa. Ukimwambia humtaki, anaondoka, na harudi mpaka aliyemfukuza amfuate. Umemsikia alivyosema? Ametuambia poleni. Mama Kosmas ametuambia sisi poleni." Nikaona bibi ana machozi, ambayo sikuwa nimeyaona hata Kurwa alipotolewa kwenda kuzikwa.

"Nitakwenda kumwomba radhi, bibi."

"Thubutu. Ukimwomba radhi umemwambia ni mgeni. Nenda kamtukane."

"Sijui matusi, bibi."

"Leo umeyajua vizuri tu."

Akanisukuma njiani. Kutoka kwetu hadi kwake hazikuwa hatua hamsini, na nilizitembea kama ninakwenda Lindi kwa miguu. Nyuma yangu nilisikia, au nilidhani nasikia, ule mlio wa Doto. Nilijiambia kwamba nikikosea, atakufa, na nitakuwa nimemuua mimi.

Mama Kosmas alikuwa uani anamenya muhogo. Hakuniangalia. Maganda yalikuwa yakidondoka yakiwa marefu, bila kukatika. Kikopo cha ugoro kilikuwa wazi pembeni ya kigoda, na harufu yake ilikuwa imejaa ua mzima.

"Wewe Mngoni," nilisema. Nikaanza tena. "Wewe Mngoni, pua yako kama bomba la moshi."

"Hiyo ya bibi yako," akasema, bado anamenya. "Amenitukana hiyo tangu sijamzaa Kosmas. Kama umekuja kwa miguu yako, lete yako."

Nilisimama. Machozi yakaanza kutoka na kamasi. Nikatazama huku na huku nikitafuta, na nikaona kwenye kamba ya nguo shati la kazi la mumewe, limechanika mabegani kwa magunia.

"Mume wako," nikasema, "anapenda kubeba magunia kwa sababu hayaongei."

Kisu kilisimama. Aliinama mbele nikadhani analia. Kumbe alikuwa akicheka, kicheko cha tumboni, akapapasa ugoro, akauvuta vibaya, akapiga chafya tatu mfululizo. "Mtoto ana sumu huyu," alisema akijifuta macho. "Hilo nitamwambia mwenyewe akirudi kutoka bandarini. Haya, twende. Huyo mama yako amelala vya kutosha."

Safari hii hakuvaa koti wala kupaka majivu. Aliingia moja kwa moja, akampita mama kama hamwoni, akamtoa Doto mikononi mwa bibi, akamfunga mgongoni kwa kanga yake.

"Mimi nimekuja kuchukua changu," aliwatangazia wanawake. "Mtoto siwezi kumwachia gogo. Nampeleka Songea akawe mtu. Padri atambatiza, tutamwita Bonifasi, atakula nguruwe, atabeba mkuki." Akageuka akaelekea mlangoni. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono kumzuia, na bibi akaushusha ule mkono.

Alikuwa amefika barazani. Nikasikia nyuma yangu sauti ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau, imekauka, kama mlango wa zamani.

"Rudisha mtoto wangu."

Mama Kosmas aliendelea kutembea.

"We Mngoni, nasema rudisha mtoto wangu." Mama alikuwa amekaa. Alikuwa anashika ukuta. Alikuwa amesimama, nguo zinampwaya, anayumba. "Bonifasi ni nani? Mtoto wa Kiyao aitwe Bonifasi? Mnajua hata kumwosha mtoto nyie?"

"Utamnyonyesha nini?" akauliza Mama Kosmas, sasa amegeuka. "Una nini humo? Kula kwanza nikuone. Umalize bakuli, tena mbele yangu, Wayao nawajua kwa kumwaga."

Mama alinyang'anya bakuli la uji ambalo bibi alikuwa ameshamletea. Alikunywa kwa hasira, amemkazia macho mtani wake, uji unamtiririka kidevuni. Lilipofika nusu, alilishusha, akasema, "Mama Kosmas, mwanangu amekufa." Mama Kosmas akasema, "Najua, Mama Kurwa. Najua." Ndipo mama alipolia. Alilia akiwa ameegemea bega la yule mwanamke, na Doto mgongoni kwake akilia na yeye, na nyumba nzima ikalia, na hakuna aliyesema aachwe.

Mama Kosmas alihamia kwetu siku nane. Alimlisha mama kwa ugomvi, asubuhi na jioni. Siku ya pili maziwa yalianza kurudi. Doto yuko hai mpaka leo, alhamdulillahi, ana wajukuu, na anakoroma kama lori.

Kwa miaka mingi nilidhani maneno yale yana nguvu fulani, kama dawa: ukimtukana mfiwa, anapona. Hiyo ndiyo akili ya mtoto. Nilipokwisha kuzaa na kuzika na mimi, nikaelewa kilichotokea pale. Wanawake wale wote walimpenda mama, na wote walimwogopa. Walikaa pembeni ya msiba wake kama watu waliokaa ukingoni mwa kisima, na kila mmoja akimhurumia kutoka juu. Mama Kosmas aliingia ndani ya kisima. Aliweza kwa sababu alikuwa na ruhusa ya kukosea. Mtu asiye na ruhusa ya kukosea atasema tu lile neno lililo salama, atakwambia pole, atakwenda zake.

Ndiyo maana nashindwa kuwajibu wale mama wa Alhamisi kwa urahisi wanaoutaka. Wanataka niseme nyoyo zimekufa. Sidhani kama Mwenyezi Mungu ameziondolea nyoyo huruma. Naona watu wanavyokuja misibani, naona simu zinavyojaa salamu za rambirambi kabla maiti hajaoshwa. Lakini sote tumekuwa wale wanawake wa minong'ono. Turubai linafungwa, viti vinapangwa, mfiwa anafungiwa chumbani, na aliye mlangoni anasema anapumzika. Tunashukuru kimoyomoyo kwamba anapumzika, tunakula, tunaondoka. Na mfiwa mwenyewe amejifunza kufunga mlango, maana anajua tukiingia hatutakuwa na la kusema. Jambo nililofanya mimi kwa kidole nikiwa na miaka tisa, sasa linafanywa kwa heshima, na linaitwa adabu.

Na nisijifanye nilijifunza mapema.

Nilipokuwa na miaka arobaini hivi, Kosmas alifariki. Mwanawe wa pekee, ini lilimmaliza. Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Tanga, ninafundisha wasichana, watu wananiita mwalimu. Bibi, baba na mama walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, Doto alikuwa Dar es Salaam. Myao wa nyumba yetu aliyebaki mtaani nilikuwa mimi peke yangu. Nilijua zamu ni ya nani.

Nilikwenda na wenzangu wawili wa msikitini. Tulipewa viti vya mbele. Mama Kosmas alikuwa kwenye mkeka, amezeeka, amekuwa mdogo, chakula kimewekwa karibu yake na nzi wanakizunguka. Watu walimwita "bibi." Hakuna aliyesema Mama Kosmas. Niliingia, na aliponiona aliinua kichwa. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuitaka, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua nje ya mlango.

Nilikuwa na sentensi tayari. Nilikuwa nimeitunga njiani bila kutaka, nayo ilikuwa nzuri, ingemfanya apige chafya. Lakini nilikuwa nimevaa buibui jipya, na wale wenzangu wawili walikuwa pembeni yangu, na niliwaza watakavyosema mtaani, kwamba mwalimu amekwenda kufanya mzaha kwenye msiba wa Wakristo. Dini haikunizuia. Dini imenikataza kupiga mayowe; kumwamsha mwenzangu haijanikataza popote. Nilijizuia mwenyewe, kwa ajili ya nafsi yangu.

Niliinama nikampa mkono, nikasema, "Poleni sana, bibi. Mungu awape subira."

Nikakaa saa moja kwenye kiti, mikono mapajani. Hakugusa chakula. Kila nilipoinua macho nilikuta bado ananitazama, anangoja.

Nilipokwenda kumuaga alinishika vidole vyangu kwa mikono yake miwili, iliyokuwa mikavu na myepesi. "Umestaarabika sana, mwalimu," alisema, polepole, sauti ya mpita njia.

Nami nikadhani amenisifu. Nikamjibu, "Ahsante, bibi," nikatoka kutafuta viatu vyangu.